Hodi ya Msituni

Kuna vitu ambavyo mwanadamu huvipenda kwa sababu viko wazi mbele yake, na kuna vingine ambavyo huvipenda kwa sababu vimefichika. Tembo asimamapo uwandani hutazamwa na kila apitaye, wala hajali. Lakini mnyama mdogo wa msituni, ambaye hujulikana kwa mtikisiko wa majani tu na kwa alama ya unyayo topeni, humtia mtu shauku ambayo tembo hawezi kuitia. Mtu akiisha kuusikia mchakacho wake, hutaka kumwona. Akiisha kumwona, hutaka kumkaribia. Na akiisha kumkaribia, hutaka kuondoka na ushahidi mkononi. Zamani ushahidi huo ulikuwa ngozi au pembe. Siku hizi ni picha. Badiliko hilo ni jema, na kila aliyeweka bunduki chini akashika kamera astahili sifa. Walakini, msomaji, sifa hiyo isitufumbe macho. Liko swali ambalo halijibiwi kwa kusema tu kwamba kamera haiui. Kiumbe ambaye maisha yake yote ni kujificha, je, tuna haki gani ya kumwona kwa karibu?

Kabla ya kulijibu, yafaa tumjue huyo tunayemsema. Kati ya Kilifi na Malindi umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Humo anaishi sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Uzito wake ni nusu kilo hivi, miguu yake ni myembamba, na pua yake ni ndefu kama mkonga mdogo. Mchana huchakura majani makavu akitafuta wadudu, na usiku hulala katika kiota cha majani alichokijenga chini ya miti. Dume na jike hushirikiana eneo moja na kulilinda. Sange akiona hatari ingali mbali, hupiga mkia wake juu ya majani makavu, tena na tena, mpaka sauti isikike. Wataalamu waliomchunguza wanasema kwamba kwa sauti hiyo humwarifu adui: nimekwisha kukuona, hutaweza kunijia kwa ghafula. Adui akizidi kusogea, sange hutoka mbio kwa miruko, na ile rangi ya dhahabu huonekana kama cheche moja kisha ikapotea.

Mbali na pwani, katika misitu ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yuko bongo wa mlimani. Huyu si mdogo hata kidogo, maana dume lake laweza kufikia kilo 300. Lakini mwili huo mkubwa, wenye rangi ya kahawia nyekundu na michirizi myeupe ubavuni, huzama katika kichaka kama jiwe lizamavyo majini. Bongo wa aina hiyo hawapatikani porini penginepo duniani ila Kenya, na inakadiriwa kwamba waliobaki hawafikii 100. Baina ya sange na bongo wako wengine wengi: funo, yule paa mwekundu wa vichakani, na pongo, ambaye akishtuka hubweka kama mbwa.

Tusiwaite wanyama hao waoga kwa dharau. Simba ana meno, nungunungu ana miiba, na kobe ana gamba. Funo hana kitu ila hofu yake. Hofu ndiyo ngao yake, ndiyo urithi aliopewa na mama zake waliokimbia upesi wakaokoka. Kwa hiyo amwendeaye mnyama wa namna hiyo huenda kugusa mali pekee aliyo nayo. Jambo hilo huligeuza swali letu kuwa la insafu, wala si la ufundi wa kupiga picha tu.

Katika mila zetu, za pwani na za bara, mtu haingii nyumbani mwa mwenziwe kama upepo. Husimama nje akapiga hodi. Akijibiwa karibu, huingia. Asipojibiwa, hupiga tena. Na baada ya mara ya tatu huenda zake bila kinyongo, kwa kuwa anajua kwamba mwenye nyumba ana haki ya kutokuwa tayari. Hodi ina faida mbili. Ya kwanza, humwondolea mwenyeji mshtuko. Ya pili, humwachia hiari ya kukubali au kukataa. Ondoa mambo hayo mawili, na mgeni atakuwa mvamizi, hata kama mikononi amebeba zawadi.

Pengine utasema kwamba msitu hauna mlango, na kwamba paa hajui neno karibu. Ni kweli hajui neno, lakini mwili wake hujibu kwa ufasaha. Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi aliyeishi tangu 1908 hadi 1992, alifundisha kwamba kila mnyama wa porini ana umbali wake, ambao adui akiuvuka mnyama hukimbia. Umbali huo ndio kizingiti cha nyumba isiyo na kuta. Mtazame paa anapokula. Maadamu anaendelea kula, masikio yakienda huku na huku kama kawaida yake, amekwambia kaa hapo ulipo. Akiinua kichwa na kuacha kutafuna, ameuliza: nani huyo? Akikaza mwili na kupiga mguu chini, au sange akipiga mkia, amekwisha kukukatalia. Mpiga picha mwenye adabu hurudi nyuma hapo. Asiye na adabu husogea hatua moja zaidi, kwa sababu picha bado haijajaa, na hatua hiyo ndiyo inayomvunjia mwenyeji nyumba yake.

Huenda ukadhani kwamba hatua moja si kitu. Fikiri basi juu ya gharama yake. Mnyama anayekimbia hutumia nguvu ambazo hazinunui dukani. Amezitafuta jani kwa jani na mdudu kwa mdudu. Mama wa paa humficha mtoto wake mchanga katika majani na kwenda kula mbali kidogo, kisha hurudi kumnyonyesha. Mtu akikaa baina ya mama na mtoto saa nzima kwa kutafuta picha, mtoto hukaa saa hiyo na njaa. Tena mtu huacha nyuma yake majani yaliyokanyagwa, matawi yaliyokunjwa na harufu, na huweza kufungua njia pale palipokuwa hapana njia. Yeye ameondoka na picha nzuri, na hasara imebaki msituni mahali ambapo picha haikufika.

Kwa bahati njema, adabu na ustadi katika kazi hii huenda pamoja. Anayejua kazi hukaa mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake, maana pua ya paa huwahi kabla ya jicho. Huvaa nguo zisizong'aa. Hutembea polepole na kusimama mara nyingi, akijua kwamba jicho la paa, ingawa halipambanui rangi kama letu, hushika upesi kitu kinachotikisika. Zaidi ya yote, haandami. Huchunguza nyayo, mavi na mapito, akajua mnyama hupita wapi na saa ngapi. Kisha hukaa kando, katika kibanda cha matawi au nyuma ya gogo, akangoja. Huenda akangoja alfajiri tatu bila kuona kitu. Subira huvuta heri, walisema wazee; na heri inayovutwa hapa ni mnyama mwenyewe, ambaye huja kwa miguu yake na kwa hiari yake mpaka mbele ya kamera. Ukaribu ulioletwa na mwenyeji ni kitu kingine kabisa na ukaribu ulionyang'anywa, hata kama hatua za umbali ni zile zile.

Historia ya sanaa hii yatuonyesha njia zote mbili. George Shiras wa Marekani alikuwa mwindaji kabla ya kuwa mpiga picha. Usiku alipita ziwani kwa mashua na taa akipiga picha za paa waliokuja majini. Pia alitega kamba nyembamba iliyoungwa na kamera, ili mnyama apitaye ajipige picha mwenyewe. Mnamo Julai 1906 gazeti la National Geographic lilichapa picha zake 74, na watu wengi wakaona kwa mara ya kwanza maisha ya usiku ya wanyama wa msituni. Katika Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walijificha ndani ya sanamu ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa ngozi halisi, ili ndege wasiwashtukie. Jambo hilo lachekesha kulisikia, lakini lina heshima ndani yake: walikubali taabu iwe yao ili amani iwe ya ndege.

Carl Georg Schillings wa Ujerumani alifuata njia nyingine katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Alibeba bunduki na kamera pamoja, na kitabu chake cha 1905 kilipata sifa kubwa Ulaya kwa picha za usiku zilizopigwa kwa mwako wa baruti ya mwanga. Lakini baadhi ya picha zake za simba alizipata kwa kufunga ng'ombe au punda hai, ili simba waje kumrukia mbele ya kamera. Picha ikatoka, na dunia ikastaajabu. Nani alimwuliza punda? Hukumu yetu juu ya picha hiyo haiwezi kuishia katika uzuri wake, kwa maana kamba iliyomfunga punda ni sehemu ya picha hata kama haionekani.

Sasa nitakuwekea hoja ya upande wa pili, kwa kuwa haki hudai isikilizwe. Watasema: picha huwaokoa wanyama. Watu hawalindi wasichokijua. Bongo asiyeonekana atakufa bila kuliliwa. Hoja hiyo ina nguvu, na mifano ipo. Katika milima ya Udzungwa, Tanzania, kamera zilizoachwa peke yake msituni zilipata mnamo 2005 picha ya sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, ambaye wataalamu walikuwa hawajamjua; mwaka 2008 alitangazwa kuwa ni aina mpya. Hapa Kenya, wanaofuatilia bongo wanategemea kamera kama hizo, na kwa kuwa michirizi ya bongo mmoja haifanani kabisa na ya mwenziwe, picha huwawezesha kumtambua kila mmoja na kujua nani bado yuko. Picha hizo ni ushahidi kwa ajili ya asiyeweza kujisemea.

Nayakubali hayo yote. Lakini tazama vizuri jinsi hoja hiyo inavyoweza kupindwa. Faida huhesabiwa kwa aina nzima ya wanyama, na taabu hubebwa na mnyama mmoja. Kamera iliyowekwa kando ya njia, ikakaa kimya wiki nyingi, humwomba mnyama huyo kidogo sana. Mtu anayemfuata kutoka kichaka hadi kichaka akisema kwamba anasaidia uhifadhi humwomba mengi, naye aghalabu huleta picha ambayo haiongezi ujuzi wowote juu ya zile elfu zilizokwisha kupigwa. Mtu huyo hana budi kujiuliza kwa kweli: picha hii yamfaa bongo, au yanifaa mimi? Kutaka kitu kwa ajili ya nafsi yako si dhambi. Kukipitisha mlangoni kwa jina la mwingine ndiko kuna hila.

Wako pia watakaouliza kutoka upande mwingine: je, kujificha na kutazama si kuchungulia? Na kuchungulia si aibu? Baina ya wanadamu ni aibu hakika, hata kama anayechunguliwa hajui, kwa kuwa mtu ana staha yake, na kuivunja staha ni kumdhulumu. Paa hana aibu ya kuonekana; ana hatari ya kuonekana. Kwake yeye, kuonekana na adui ni mwanzo wa kufa. Kwa hiyo tunachomdai tusimnyang'anye ni amani. Anayemtazama kutoka mafichoni, akaondoka bila paa kujua kwamba alikuwapo mtu, hakuivuka ile mipaka ya kizingiti. Alikaa nje ya uzio, na mwenyeji akaendelea na shughuli zake. Siri yake haikumdhuru paa.

Lakini hapa, msomaji, pana ugumu ambao hata mtu mwema huweza kujikwaa. Iko njia ya upole kupita zote, nayo ni kumzoesha mnyama. Mtu huja kila siku, hukaa kimya, hasogei, hadhuru. Na baada ya miezi mnyama hula mbele yake bila kuinua kichwa. Je, huku si kuambiwa karibu? Yaonekana hivyo. Lakini kumbuka tulivyosema, kwamba hofu ni ngao. Katika misitu yetu kuna mitego ya waya, na kuna wawindaji haramu wenye mbwa na nyavu. Paa aliyefundishwa kwamba mtu hana madhara hawezi kupambanua mtu wa kamera na mtu wa mtego. Wewe umemfundisha kuamini, ukarudi mjini na picha zako. Yeye amebaki na imani hiyo peke yake, katika msitu wenye watu wengine. Mazoea uliyompa yalikuwa zawadi kwa mkono mmoja na unyang'anyi kwa mkono wa pili. Wachunguzi wanaozoesha wanyama kwa ajili ya elimu wanapaswa kuwa na walinzi watakaobaki baada yao. Mpiga picha apitaye, asiye na mlinzi wa kumwacha, asimvue mnyama ngao ambayo hawezi kumrudishia.

Basi haki yetu ni ipi? Naona kwamba hatuna haki ya kumwona mnyama anayejificha kama mtu alivyo na haki ya kudai deni. Tuna ruhusa tu, nayo ni ya kuombwa upya kila siku. Kipimo cha ruhusa hiyo hakimo katika picha, maana picha haisemi ilivyopatikana. Kimo katika mwenendo wa mnyama baada ya wewe kuondoka. Ikiwa amebaki katika chakula chake, mtoto wake yuko pale alipomficha, na hofu yake juu ya wanadamu ni ile ile aliyokuwa nayo jana, umezuru kwa heshima. Ikiwa amehama au amekonda, au amejifunza kumwamini asiyestahili kuaminiwa, umeiba, ijapokuwa hukubeba kitu ila mwanga. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama ugeni wetu hauwezi kumponya mwenyeji, basi kwa uchache usimwongezee maradhi.

Hukumu hii inakuhusu wewe pia, usidhani ni ya wenye kamera kubwa za bei kali. Leo simu ya mkononi hupiga picha, na mwanafunzi aendaye kutembelea msitu na wenzake huweza kushawishika kumzungukia kima mwenye mtoto, au kutupa jiwe kichakani ili kinachojificha kitoke. Siku hiyo ikifika, kumbuka mkia wa sange juu ya majani makavu. Sauti hiyo ni ndogo, na kelele za watu kumi huizima. Anayeisikia na kurudi nyuma amefanya jambo ambalo hakuna atakayemsifu kwalo, kwa sababu hana picha ya kuonyesha. Hata hivyo amepata elimu ambayo mwenye picha huenda akaikosa: amejua kwamba dunia ina wakazi wengine wenye milango yao, na kwamba si kila mlango uliofungwa umefungwa ili sisi tuuvunje.

Elimu hiyo haiishi msituni. Ajizoezaye kuusoma mwili wa paa, akajua lini amekubaliwa na lini amekataliwa, atajua pia kumsoma mwenziwe mnyamavu darasani, mgeni asiyejua lugha, na mzee asiyependa kuulizwa mambo yake. Atajua kukaa karibu na mtu bila kumbana, na kungoja mpaka aambiwe. Mtu wa namna hiyo ni adimu katika mji wowote, na mji unaompata una bahati. Akirudi kutoka msituni mikono mitupu, hajarudi bure.